Paka wa mavyaa anakojolea zulia: nimwachie shemeji amvushe Likoni?

Assalaam aleikum mama,

Naomba jina langu lisitiriwe, maana tunakaa mtaa ambao ukipika mkate wa sinia, nyumba ya tano washajua una wageni.

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili, na tunaishi Kibokoni katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Mavyaa yangu yuko chini, sisi tuko juu pamoja na wifi yangu mdogo ambaye bado hajaolewa. Marehemu bavyaa aliacha zulia la sufu alilolileta mwenyewe kutoka Maskati, jekundu, lina maua ya buluu pembeni. Linatandikwa ukumbini chini. Mavyaa husalia hapo, wageni hupokewa hapo, na kila mtoto wa nyumba hii alijifunzia kutambaa hapo. Kwa mavyaa si zulia tena, ni mumewe.

Tatizo ni paka. Anaitwa Kaniki, dume jeusi tititi. Mavyaa alimwokota uchochoroni akiwa mdogo wa kutoshea kiganjani, akamlea kwa maziwa na dagaa. Sasa ni jitu zima lenye mashavu, linatoka na kuingia kwa dirisha, na tangu mvua za masika nyumba imeingia uvundo wa mkojo ambao sijui niueleze vipi. Ukifungua mlango tu unakupiga puani. Pazia la dirisha linalotazama uchochoro lina michirizi ya manjano kwa chini. Zulia lina mabaka. Kochi analokalia mavyaa, mto wake nimeukuta umelowa si mara moja, na mkeka mdogo ulio kando ya kitanda chake pia. Nikimwambia, anasema, “Ni Kaniki huyo, mwanangu, msameheni, mnyama hana akili.” Basi nafua mimi. Yeye mwenyewe hujitahidi, siwezi kumsengenya: leso zake na shuka zake nikiamka nakuta ameshazifua na kuzianika kabla ya adhana ya alfajiri, na hataki kabisa nimsaidie.

Mama, sijabakisha kitu. Nimepiga sabuni ya unga na maji moto. Nimemimina dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, nikatoka ukumbini nakohoa na machozi yananitiririka, na ua moja la zulia likapauka likawa la manjano. Nimechoma udi hadi vipande vya mwisho vya kikopo changu cha harusi, ikawa udi juu mkojo chini, na wageni wanatabasamu huku wamebana pumzi. Tukawalipa vijana wa kuosha mazulia, wakalichukua, likarudi linanukia. Mvua iliponyesha, uvundo ule ule.

Mavyaa naye amebadilika. Ameanza kusalia chumbani, juu ya kiti, anasema ukumbini hana uhakika na twahara. Zamani hitima na maulidi hakosi, siku hizi kila mwaliko ana udhuru. Harusi ya mpwawe Lamu alisema basi linamchosha. Hata maji hanywi, ni kikombe cha chai asubuhi basi, na tangu daktari ambadilishie dawa za presha amekuwa mnyonge. Tena choo cha chini kimeharibika, tunamsubiri fundi, kwa hivyo inambidi apande ngazi zetu zile za mbao zilizosimama wima kuja kutumia cha juu. Naona vitu vyote vimemzonga pamoja.

Mfungo sita watu kutoka Malindi watakuja kumposa wifi yangu. Shemeji yangu anayekaa Tudor amesema dawa anayo yeye: gunia na feri. Atakuja usiku amchukue Kaniki, amvushe, amwachie sokoni Likoni, na mavyaa aambiwe paka amepotea. Mume wangu anasema, “Fanyeni mnavyoona,” yaani hataki kujua. Wifi ananitazama kama kwamba usafi wa nyumba hii niliandikiwa mimi kwenye cheti cha ndoa.

Roho inanisuta. Mavyaa akikaa peke yake anamsemesha yule paka kuliko anavyotusemesha sisi, na ndiye hutukumbusha hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Lakini nimechoka, mikono imechubuka. Je, nikubali Kaniki aende? Au tulitupe zulia? Na kuna dawa kweli ya mkojo wa paka, au ni kuzoea tu?

Mkaza mwana, Kibokoni

MAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Unauliza habari ya paka na zulia, lakini naona umefunga kitita kimoja chenye mambo matatu: harufu inayokataa kutoka, mnyama anayekojoa pasipofaa, na mama mtu mzima ambaye siku hizi hatoki. Shemeji yako anataka yote matatu yaingie kwenye gunia. Mimi naomba tuyafungue kwanza, na nianze na harufu, kwa sababu hiyo ina majibu ya uhakika.

Dawa ipo. Lakini lazima ujue unapigana na nini. Figo za paka hubana maji sana, hivyo mkojo wake ni mzito. Ukishamwagika, bakteria huvunja urea iliyomo, inatoka amonia, ndiyo inayochoma pua. Dume ambaye hajahasiwa ana la ziada: mkojo wake una kitu kiitwacho felinini, chenye salfa ndani yake, na kikivunjika ndipo unatoka ule uvundo wa dume ambao hauchanganyiki na mwingine. Halafu kuna asidi ya yuriki, na hii ndiyo iliyokushinda. Haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji. Hubaki ndani ya nyuzi, fuwele ndogo zisizoonekana, na zikikauka hazinuki sana. Hewa ikipata unyevu, zinaamka. Na Mombasa hewa kavu utaitoa wapi? Wale vijana walitoa vumbi na uchafu, sabuni ikaacha manukato yake, fuwele zikabaki mahali pake zikingoja mvua. Udi nao hauondoi kitu, unapanga foleni mbele ya mkojo tu.

Dawa ya klorini iache kabisa. Ikikutana na amonia hutoa gesi iitwayo kloramini, inayochoma macho, koo na mapafu. Ndiyo iliyokutoa ukumbini mbio. Vyumba vya chini vya nyumba zetu za Mji wa Kale havipitishi hewa nyingi, na una watoto wanaotambaa na mtu mzima mwenye presha. Tena klorini hula sufu, ndiyo maana lile ua limepauka. Maji moto pia hayafai kwa baka la mkojo, na dawa za kusafishia zenye amonia ndani yake humpa paka harufu anayoijua, akadhani amekaribishwa tena.

Kinachovunja asidi ya yuriki ni vimeng'enya, yaani vitu vya asili vinavyomeng'enya uchafu (kwa Kiingereza, enzymes). Zipo dawa za mkojo wa wanyama zenye vimeng'enya, au zenye bakteria wanaovitengeneza. Uliza kwa daktari wa mifugo, kwenye maduka ya dawa za mifugo, au supamaketi kubwa yenye rafu ya vyakula vya paka na mbwa. Soma kibandiko vizuri. Sufu yenyewe ni protini, na vimeng'enya vya kula protini vinaweza kuila pia, kwa hivyo chukua dawa iliyoandikwa wazi kwamba inafaa sufu. Ijaribu kwanza kwenye pindo la nyuma: weka kidogo, subiri, bonyeza kwa kitambaa cheupe uone kama wekundu unatoka.

Kabla hujamimina kitu, yatafute mabaka yote. Kuna tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka huitumia kuangalia noti bandia. Azima moja. Usiku zima taa, itembeze karibu na zulia, na mkojo wa zamani utang'aa umanjano hafifu. Zungushia chaki. Kisha inua zulia uangalie sakafu, maana chokaa na saruji hunywa, na ukiliosha zulia ukalirudisha juu ya sakafu iliyolowa mkojo, umefanya kazi bure. Sakafu nayo ipate dawa ile ile.

Suuza kwa maji baridi ya mfereji. Najua mfereji wenu una siku zake na mtalazimika kununua madumu ya mkokoteni, lakini maji ya kisima cha chumvi yasiguse sufu ile: chumvi inayobaki hunyonya unyevu na zulia halitakauka kamwe. Bonyeza kwa taulo kuukuu, usisugue. Halafu mimina dawa ya kutosha, ifike kule mkojo ulikofika. Kupulizia juujuu ni kujiliwaza. Funika kwa nailoni isikauke upesi, kwani vimeng'enya vikikauka kazi imekwisha. Acha kwa muda ulioandikwa, mara nyingi usiku mzima, kisha linyanyue kutoka sakafuni upepo upite juu na chini. Harufu huweza kuzidi kidogo katikati ya shughuli. Usishtuke ukakimbilia klorini. Baka la zamani hutaka kurudiwa, na ua lililopauka halitarudi rangi, hilo tuseme ukweli.

Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji hutuliza amonia, na bekingi soda hufyonza harufu iliyo juu. Ni vitu rahisi na vinasaidia pazia na foronya, ila fuwele havizivunji. Peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3, ya duka la dawa, ni nzuri kwa pamba nyeupe. Kwenye zulia la Maskati itaondoka na rangi. Mto wa kochi usihangaike nao. Mkojo ukishaingia kwenye sponji haufuliki ukaisha, mpelekee fundi wa makochi akate sponji mpya. Na vaa glavu, mikono hiyo unaihitaji.

Kuhusu twahara, mavyaa yako anajua kuliko mimi kwamba paka mwenyewe si najisi, ndivyo ilivyopokewa, kwamba ni katika wanaotuzungukia majumbani. Mkojo wake ndio najisi kwa madhehebu ya Shafi tunayofuata wengi hapa pwani. Lakini najisi yenyewe ikishaondolewa na maji yakapita, kisha ikabaki harufu au rangi iliyokataa baada ya mtu kujitahidi, wanazuoni wana neno la kusamehe. Mwombeni imamu wa msikiti wenu aje alitazame zulia kwa macho yake. Fatwa yake chini ya dari ile itamtuliza mama kuliko makala yangu.

Sasa Kaniki. Michirizi ya pazia la dirishani naisadiki bila ubishi, hiyo ni kazi ya dume. Husimama, mkia juu unatetemeka, akarusha kidogo kwenye kitu kilichosimama, kuwaarifu madume wa nje kwamba hapa pana mwenyewe. Na uchochoro wa Kibokoni tangu lini ukakosa madume? Hafanyi kwa kisasi wala kwa utovu wa adabu. Kuhasiwa hupunguza tabia hii kwa madume wengi sana, ingawa kwa aliyekwisha kuzoea inaweza kupita wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na wachache huendelea hivyo hivyo. Kuna gharama, na kuna watu ambao dhamiri zao haziwaruhusu kumkata mnyama uzazi. Paka ni wa mavyaa. Hilo mzungumze naye, msimletee habari baada ya kisu.

Hukutaja sanduku la mchanga. Labda Kaniki alikuwa na choo chake huko nje, mvua zikakifunika, naye akaanza kutafuta pakavu. Karai pana lenye mchanga mkavu uliochekechwa, liwekwe mbali na chakula chake, lisafishwe kila siku, linaweza kuwaondolea nusu ya kero kwa bei ndogo. Na mumwangalie akiwa anakojoa. Dume anayeingia mchangani mara kwa mara, anajikamua, analia, na hatoi ila matone, huenda njia ya mkojo imeziba. Hiyo haingojei kesho, humuua paka ndani ya siku chache. Mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Lakini mwanangu, pazia na kochi si kesi moja.

Hapa naomba usome ukiwa peke yako. Umenitajia mto wa kochi la mavyaa na mkeka wa kando ya kitanda chake. Kisha, ukiongea mambo mengine kabisa, umesema anafua shuka zake kabla ya adhana na hataki msaada. Ameacha kutoka. Basi la Lamu limemshinda. Anasalia chumbani. Hanywi maji. Amebadilishiwa dawa za presha, na choo chake kimehamia juu ya ngazi ambazo hata wewe mwenye magoti mazima unasema zimesimama wima. Umeyataja kila moja mahali pake, wala hukuyaweka pamoja. Mimi siko hapo, na inawezekana kabisa kwamba Kaniki ndiye mwenye mabaka yote na mama amechoka tu. Ila jiulize: umewahi kumwona paka akikojoa juu ya kochi lile, kwa macho yako? Au ni neno la mavyaa?

Ile tochi ya noti haitakusaidia hapa, kwani mkojo wa binadamu nao hung'aa. Pua yako itakusaidia zaidi, na mahali lilipo baka, na saa unayolikuta.

Ikiwa ndivyo, hayuko peke yake. Wanawake wengi waliozaa na umri ukasonga, misuli inayoshika mkojo hulegea. Kuna anayevuja akikohoa au akiinuka kwenye kiti, kuna anayebanwa ghafla asifike chooni. Kisukari huongeza. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mtu mzima huweza kuja bila homa, huongeza. Baadhi ya dawa za presha kazi yake hasa ni kutoa maji mwilini. Na anayejinyima maji ili asiaibike hujiumiza: mkojo unakuwa mzito, unakikera kibofu, haja inabana zaidi na harufu inakuwa kali. Unyonge unaouona unaweza kuwa na mkono wa kiu ndani yake. Mengi ya haya yana tiba au angalau nafuu. Maambukizi hutibiwa, saa ya kumeza kidonge hubadilishwa, misuli ina mazoezi yake ambayo wauguzi hufundisha. Dawa asiziache mwenyewe, daktari ndiye wa kuzipanga upya.

Wapo watakaokushauri umweke chini umuulize waziwazi. Sijui. Wewe ni mkaza mwana, na kuna mambo mavyaa hatakubali yatoke kinywani mwako hata kama anakupenda. Ukikosea, umemtukana. Ukipatia, ukampatia mbele ya watoto, umemvunja. Wifi yako ni binti yake wa kumzaa, na pengine kwake neno hili ni jepesi zaidi, lakini wewe unamjua kama kifua chake kinahifadhi siri au la. Mume wako anaweza kumpeleka hospitali kwa jina la presha, kisha akamtajia daktari pembeni yale mliyoyaona. Mama akabaki na heshima yake na daktari akauliza maswali anayopaswa kuuliza. Hatari yake ni kwamba mtu anayesema “fanyeni mnavyoona” huenda akasema hivyo hivyo kwa daktari. Mwambie kwamba safari hii yeye ndiye anayetakiwa kuona.

Na kuna mambo yasiyohitaji mazungumzo yoyote. Fundi wa choo cha chini aitwe leo, si wiki ya posa. Njia ya kwenda huko iwe na taa usiku. Chumbani muweke kiti chenye ndoo, kile kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, na mseme ni kwa ajili ya magoti na zile ngazi, ambayo ni kweli tupu. Mpira chini ya shuka. Mito miwili ya kochi yenye foronya za kubadilisha, ili akikuta mmoja umelowa aweze kuubadilisha mwenyewe bila kumwita mtu. Hata kama nimekosea yote, hakuna kitakachomdhuru.

Turudi kwa shemeji na gunia lake. Feri itamvusha Kaniki, hilo halina shaka, na Likoni ina paka wake ambao hawatamkaribisha. Dirishani kwenu atakuja dume mwingine wa uchochoroni achukue nafasi iliyoachwa wazi, na pazia litapata michirizi mipya. Mavyaa ataita jina la paka kila magharibi, nawe utakuwa umesimama hapo na siri. Kisha tuseme wiki inayofuata mto wa kochi umelowa tena. Nyumba ina mkojo na haina paka. Mtu mzima yule atakuwa amepoteza kwa usiku mmoja rafiki yake na kisingizio chake, huku watu wa Malindi wako njiani. Sikuambii usikubali. Nakuambia ujue unakubali nini.

Upande wa pili nao usiudharau. Ukimbakiza Kaniki, kazi iko palepale hadi ahasiwe na karai lizoeleke, na haiwezekani iwe kazi yako peke yako. Posa ni ya wifi, basi wifi ashike ncha moja ya zulia. Shemeji wa Tudor, kwa kuwa ana usafiri na moyo wa kusaidia, anaweza kumpeleka paka kwa daktari badala ya kivukoni. Na ikiwa baada ya haya yote mavyaa mwenyewe atasema Kaniki atafutiwe nyumba nyingine, yenye uwanja na mtu anayemjua, hilo ni jambo tofauti kabisa na kuambiwa amepotea.

Zulia msilitupe kabla halijapata dawa ya haki, na msilitupe bila yeye kujua. Mkiona mfungo sita unafika na bado linanuka, likunjeni, lipelekwe juu, mtandike mikeka mipya ya ukindu na mashuka meupe juu yake. Watu wa posa hawaji kukagua sufu. Mavyaa apewe kiti kilicho karibu na mlango wa chumba chake, aweze kuinuka na kurudi bila kumpita mgeni.

Ukishampata daktari wa mifugo, niandikie gharama ya kumhasi dume mkubwa siku hizi ni kiasi gani. Nina barua nyingine, kutoka Bamburi, inayouliza hilo hilo.